Mkeka wa Kulalia Chini ya Gari

Mmenisumbua tangu siku ile ya kuagana, nyinyi vijana mliobaki kwenye ukaguzi wa magari, mkitaka niandike. Haya, naandika. Lakini msitarajie nikuelezeni nilipandishwa cheo lini na mshahara ulikuwa kiasi gani. Hayo yamo kwenye majalada, na majalada yanaliwa na mchwa, Mungu awazidishie afya. Mie nitaandika habari za mkeka, ule uliokuwa ukitundikwa nyuma ya mlango, ambao mmoja wenu, na mwenyewe anajijua, aliuita godoro la mzee. Na siwezi kusema habari za mkeka bila ya kumsema aliyenitandikia mara ya kwanza.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, mwanzo mwanzo. Kijana wa Ng'ambo, nimesoma skuli kiasi cha kuandika barua na kumsomea jirani barua yake, basi nikajiona mtu. Magari nilikuwa nayajua kwa nje tu, kama mnavyoyajua majumba ya watu. Siku ya kwanza mama alinipigia pasi suruali nyeupe, pasi ya makaa, akanitazama hata nikapotea kichochoroni. Alidhani nakwenda ofisini. Na mie nilidhani hivyo hivyo.

Kumbe ofisi yenyewe ilikuwa uwanja wa udongo na mti mmoja wa mkungu wa kivuli, na kibanda cha bati cha kuwekea karatasi. Fundi Mbaraka, mkaguzi mkuu wa pale, alikuwa amejiegemeza kwenye tairi la lori la karafuu akinywa kahawa. Mfupi, ndevu zina mvi, kofia ya kazi imekaa upande. Alikuwa makanika tangu zama ambazo mabasi ya Unguja ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye suruali yangu. Aliingia kibandani, akatoka na mkeka wa miyaa, majani ya mkindu, umekunjwa, akautandaza chini ya lile lori, akanyoosha mkono kama mtu anayemkaribisha mgeni chumbani.

"Karibu ulale," akaniambia.

Nikalala, na yeye akalala ubavuni mwangu, akaanza kunionyesha. Springi hii, hii bomba ya mafuta ya breki inapita hapa mpaka kule, hili likilegea gari linakwenda upande. Matone ya grisi yakiniangukia kifuani. Akaniambia kwamba gari lina uso na lina tumbo, na kwamba uso kila mwenye gari huuosha. "Serikali hainilipi kutazama uso," akasema. Niliporudi nyumbani mama aliitazama ile suruali, akaniuliza kama kazi niliyopata ni ya kuandika au ya kuchimba visima.

Zana zetu zilikuwa tatu. Nyundo ndogo ya kugongea nati za magurudumu, maana nati iliyokaza hulia na iliyolegea huguna. Chaki ya kutia alama kwenye kasoro. Na mkeka. Jioni, kabla hatujafunga kibanda, Fundi haniulizi nimekagua magari mangapi. Swali lake lilikuwa moja tu: "Ulilala?" Na wala hangojei jibu, hunizungusha akautazama mgongo wangu. Shati likiwa na alama za mkeka na madoa, hucheka akaniambia nenda zako nyumbani. Katika miezi yote ile ya mwanzo sikuwahi kumdanganya, si kwa ucha Mungu, bali kwa sababu mgongo haujui kusema uongo.

Barabara za wakati ule mngeziona mngelia. Lami inakwenda mpaka pahala fulani, kisha ni kifusi na mawe ya matumbawe, na katikati ya barabara hiyo hiyo kuna baskeli, punda, gari za ng'ombe, mahamali na mikokoteni yao, na bibi mmoja anayevuka na kuku wake bila ya kutazama kulia wala kushoto. Mabasi ya shamba yalikuwa malori yaliyojengewa nyumba za mbao na maseremala wetu wenyewe, viti vya mabao, juu ya paa makapu ya samaki na mihogo na magunia ya nazi. Seremala akimaliza anapiga rangi, anaandika jina juu ya kioo. Majina mazuri mazuri. Fundi Mbaraka alikuwa akiyasoma kwa sauti, kisha anasema, "Ahsante, sasa nionyeshe breki."

Wakubwa wa ofisini walipenda faini. Kila ajali ikitokea, faini inapanda. Fundi hakuzipenda hata kidogo. Alisema faini humfundisha dereva kujua wewe unasimama wapi, basi. Yeye alitaka kwanza ajue watu wanafanya nini na kwa nini. Nitakupeni mifano miwili, mnipime kama nampamba.

Gari za ng'ombe zilikuwa zikigongwa nyuma mara kwa mara wakati wa magharibi. Amri ilikuwa kila gari liwe na taa, na kweli kila gari lilikuwa na taa, fanusi inaning'inia mbele. Ofisini wakashangaa, mbona wanagongwa na taa wanazo? Fundi akaenda kukaa na wenye magari kutwa nzima kwenye baraza yao ya kahawa. Akarudi anacheka. Watu wale walitundika taa mbele ili ng'ombe aone njia. Akawaambia, jamani, ng'ombe anaijua njia tangu hajazaliwa, asiyeijua ni yule anayekuja nyuma yenu na lori. Hakumtoza mtu hata senti. Aliwaomba wagongomee nyuma kifuniko cha debe kilichosuguliwa kwa mchanga hata kikang'aa, taa za lori zikikipiga kinawaka. Mwezi haukwisha, magari yote yakawa na vifuniko nyuma, na watoto wa mjini wakawa hawaoni debe lenye kifuniko.

Mfano wa pili ni wa harusi. Mabasi ya kwenda kumchukua bibi harusi yalikuwa na tabia ya kuinama kwenye kona, na moja liliwahi kulala ubavu kwenye migomba, alhamdulillahi hakufa mtu. Sababu ni kwamba wanawake wakipita kwenye mji wa watu, wote wanahamia upande mmoja kuimba na kupunga kanga. Unawaambiaje wanawake wa harusi wakae kimya? Mimi ningependelea kumkamata simba. Fundi alimwendea yule Bi aliyekuwa akiongoza nyimbo, akamwamkia kwa adabu, akamshauri waanzishaji wakae kulia na waitikiaji wakae kushoto. Bi akaona nyimbo zitanoga zaidi. Na zilinoga. Mpaka leo sehemu nyingine wanakaa hivyo, wala hawajui kwamba ile ilikuwa sheria ya usalama barabarani.

Basi nilikuwa nikimtazama mtu yule, na nilimpenda kama baba. Nakwambieni hivyo ili mjue nililomfanyia.

Ilikuwa Ijumaa. Fundi alikuwa amekwenda Mkokotoni kukagua malori ya huko, kaniachia uwanja peke yangu, na kabla hajaondoka kaninong'oneza kwamba muhuri uko kwenye kisanduku na akili iko kichwani. Asubuhi nilikagua magari matatu, nikalala chini ya yote matatu. Baadaye nikaenda kisimani nikaoga vizuri, nikatia udhu, nikavaa kanzu nyeupe niliyoshonewa kwa ajili ya Idi, nikajipaka na mafuta ya udi nyuma ya masikio. Nilikuwa nafunga kibanda nielekee msikitini, ndipo likaingia basi la kijani limeandikwa Tawakkal.

Dereva wake alikuwa Pandu, kijana wa Bwejuu, mpole, mwenye kope ndefu kama za ngamia. Basi si lake, la mwenyewe mmoja tajiri ambaye sina haja ya kumtaja, naye alikuwa amekaa mbele pale pale, ndiye aliyeshuka kuzungumza. Muda wa karatasi yao unakwisha leo, na kesho wana safari. Nikawaambia warudi baada ya sala. Mwenye basi akatazama juu, akasema baada ya sala mie mkaguzi nitakwenda kula, kisha nitalala, kisha itakuwa kesho. Akasema kwa kucheka, wala hakunitisha. Nikaona kweli.

Nikazunguka basi lile. Nikagonga nati, zote zinalia. Nikatazama taa, honi, tairi. Nikamwambia Pandu akanyage breki huku basi linakwenda polepole uwanjani, likasimama. Lililobaki ni kulala. Mkeka ulikuwa nyuma ya mlango, hatua kumi. Nikaitazama kanzu yangu. Nikasikia adhana. Nikaingia kibandani, nikapiga muhuri, nikatia saini yangu ya skuli yenye mkia mrefu, nikampa Pandu karatasi. Akashukuru, akaibandika kiooni. Nikawahi safu ya kwanza.

Kesho yake Fundi alikuwa amerejea, tukatoka na baskeli zetu mpaka Mwera, juu ya ule mteremko unaoshuka kwenda darajani. Tulikuwa tukisimama hapo mara moja moja kusikiliza magari yanavyoshuka. Fundi alikuwa na masikio ya ajabu, gari linapita anakwambia springi ya nyuma kushoto imekufa. Mkeka ulikuwa umefungwa nyuma ya baskeli yangu.

Saa nne hivi tukaliona Tawakkal linakuja kutoka mjini, limejaa watu, na watu wenyewe wamevaa kanzu na kofia. Ndani yake, katikati ya viti, kuna jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani. Mtu wa Bwejuu alifariki mjini alfajiri, jamaa zake wanampeleka akazikwe kwao. Mnajua kwetu maiti hacheleweshwi, na gari la maziko halisimamishwi na mtu. Askari wa barabarani mwenyewe hupiga saluti akapisha. Fundi akavua kofia ya kazi, akasimama kando.

Lakini hapo njia panda alikuwa akingoja mjomba wa marehemu, mkaazi wa Mwera, naye achukuliwe. Basi likapunguza mwendo, likampita. Likampita kabisa, likaenda kusimama hatua kama thalathini mbele, na yule mzee akalifukuza na makubadhi yake mkononi. Watu walidhani dereva hakumwona. Fundi alinigeukia.

"Nani alilikagua lile?"

"Mimi, Fundi. Jana."

Akatembea mpaka kwenye dirisha la dereva, na mie nyuma yake. Alimuuliza Pandu breki zikoje. Pandu alijibu kwa adabu kwamba pedeli ni laini kidogo tangu wiki iliyopita, kamwambia mwenye basi, na mwenye basi kamjibu kwamba karatasi ishatoka, mkaguzi anajua kuliko dereva. Akaigusa ile karatasi kiooni kwa kidole. Saini yangu inaonekana, mkia na kila kitu. Fundi akanitazama.

"Seif, breki?"

Watu wote wa basi lile walikuwa wakinitazama, wazee, wanawake waliokaa nyuma wanaokwenda kilioni, mjomba anayehema. Ningeweza kusema neno moja tu: "Sijui." Nikasema, "Nzima, Fundi."

Akanitazama tena, si sana. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kofia yake ya viua, ile iliyodariziwa ya kuendea msikitini, akaivaa pahala pa ile ya kazi. Akapanda kwenye basi. Hakuzungumzia breki hata kidogo, wala sheria. Aliwapa wazee pole, akasema marehemu huyu ametoka mjini hajabebwa mabegani ila kutoka mlangoni mpaka garini, na kwamba yeye na kijana wake wangependa wapate thawabu japo ya hatua chache, kutoka hapa mpaka ng'ambo ya daraja. Nani atakataa? Nyinyi mnajua watu wanavyogombea jeneza likipita kwetu, hata asiyemjua maiti hutia bega. Mjomba, aliyekuwa amekunja uso kwa ajili ya kile kitendo cha kufukuza basi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka na kutia mkono. Dakika mbili basi likawa tupu. Wanaume wakalinyanyua jeneza, wanawake wakafuata nyuma kwa mbali, na La ilaha illa Llah ikaanza kushuka mteremkoni.

Fundi alikuwa bega la mbele. Kabla hajaondoka aliniambia nibaki na basi, lisishuke mpaka jeneza liwe limevuka daraja. Na alipokuwa akipita kwenye baskeli yangu aliufungua ule mkeka, akauweka miguuni pangu. 

Nilielewa. Mtoto mdogo angeelewa. Na nimekaa miaka yote hii nikijiuliza kwa nini sikuutandika. Jibu nalijua. Tulikuwa watatu pale, mie, Pandu na utingo wake. Nikiutandika mkeka mbele yao leo, nimekiri kwamba jana sikuutandika. Basi nikausimamia tu, kama mtu anayelinda duka. Nikajisemeza kwamba basi ni tupu, kwamba gea ya kwanza italizuia, kwamba pedeli laini si pedeli iliyokufa. Nilipoona jeneza linapanda upande wa pili, nikamwambia Pandu ashuke kwa gea ya kwanza, polepole. Utingo nikamshusha. Hilo tu ndilo la maana nililolifanya siku ile.

Likashuka vizuri mpaka nusu. Kisha nikasikia gea imechomoka, mlio wa chuma, na Pandu anapiga pedeli mara tatu nne bila ya kitu. Angeweza kuruka. Lakini chini darajani walikuwa wanawake wa mwisho hawajamaliza kuvuka. Akalipinda basi upande wa kulia, likaruka mfereji, likaingia kwenye shamba la mihogo, likapiga mnazi na kusimama. Nilikimbia mpaka pale. Pandu alikuwa amekaa kwenye usukani, mkono wake wa kushoto umegeukia pahala ambapo mkono haugeuki. Alichoniuliza ni kama wanawake wamevuka.

Wote walivuka. Lori la jirani likawachukua waombolezaji, na maiti akazikwa kabla ya alasiri. Fundi alirudi, akauchukua mkeka pale nilipouacha, umekunjwa vile vile, akautandika mwenyewe chini ya basi lililovunjika. Akalala kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kipande cha bomba ya breki mkononi. Ilikuwa imesuguliwa na springi hata ikatoboka, na mtu fulani alikuwa ameizungushia ukanda wa mpira wa baskeli. Mpira umeoza kwa mafuta. Mtu yeyote angelala pale angeuona bila ya taa.

Siku ya Jumanne tukaitwa ofisini. Bwana Mkubwa wetu alikuwa Mzungu, mtu wa haki kwa kadiri alivyoiona kutoka kwenye meza yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni lakini kinasikika. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake. Kwake mambo yalikuwa wazi: basi limekaguliwa Ijumaa, breki nzima, Jumamosi limeanguka, basi kosa ni la dereva. Bomba? Bomba imekatika kwenye ajali. Pandu atanyang'anywa leseni, na yeye mwenyewe apelekwe mahakamani. Pandu alisimama na mkono wake umefungwa kwa kanga ya mama yake shingoni. Hakubisha. Alisema tu kwamba ana wadogo wanne na kwamba kazi nyingine haijui.

Yaani mnaona. Saini yangu, ile niliyojivunia, ndiyo iliyokuwa inamtia kitanzi.

Fundi akaomba kusema. Akasema kwanza kwamba yeye mwenyewe alikuwapo Mwera, na alishuku, na hakulala, alimwachia mwengine alale, kwa hiyo na yeye aandikwe. Bwana Mkubwa hakufahamu habari hiyo ya kulala. Fundi hakumfafanulia. Alinigeukia, sauti yake ni ile ile ya kila jioni, tunapofunga kibanda.

"Seif. Ijumaa, ulilala?"

Nilimtazama Pandu. Alikuwa akitazama chini.

"Sikulala, Fundi. Nilikuwa nshavaa kanzu."

"Na Jumamosi, nilipokuwekea mkeka?"

"Sikulala."

Nikamweleza Bwana Mkubwa yote, machozi yananitoka, mtu mzima na masharubu yangu mapya. Pandu akarudishiwa leseni yake pale pale mezani. Kisha Bwana Mkubwa akaanza kuandika barua ya kunifukuza, na ilikuwa haki yake. Fundi akamwambia, "Ukimfukuza utaniletea mwengine ambaye hajakosea bado. Huyu keshakosea." Bwana Mkubwa akakaa na kalamu hewani. Mwishowe aliiweka.

Tulipotoka nje nilingojea maneno. Nilistahiki matusi. Fundi Mbaraka alitembea na mimi mpaka kwenye baskeli, akaupapasa mkeka, akasema, "Grisi haitengui udhu, Seif." Hajanitajia tena habari ile mpaka anakwenda kaburini, Mungu amrehemu.

Yaliyofuata ndiyo mliyoyakuta nyinyi mkadhani yameteremka na sheria. Fomu ya ukaguzi ikaongezwa mstari: mkaguzi amelala chini ya gari, ndiyo au hapana. Bwana Mkubwa aliutafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na wenzake wa makao makuu wakamwandikia kumuuliza kama wakaguzi wa Unguja ni wavivu. Mabasi yakawa yanajaribiwa yakiwa na magunia ya mchanga kwenye viti, kwa sababu breki inayosimamisha mabao haijui kusimamisha watu. Na Mwera ukawekwa ubao, abiria wanaume washuke, watembee mpaka ng'ambo ya daraja. Watu hawakununa. Khatibu alilisemea msikitini, akawakumbusha maziko yale, na wengine wakawa wanasema hapo ndipo pa kupatia thawabu, hata siku ambazo hakuna maiti. Ile kazi yote ni ya Fundi, ya kofia yake ya viua.

Pandu mkono ulipona, ingawa haukunyooka vizuri. Akapata basi jingine. Na sasa nikwambieni alivyonilipa. Kila karatasi yake ilipokaribia kwisha alileta basi lake uwanjani siku ya Ijumaa, dakika ile ile, adhana inakaribia. Siku nyingine hakuja hata mara moja. Anazima injini, anashuka, anaitikia salamu yangu kwa ufupi, anachutama kando ya gurudumu la mbele. Mie nimeshaoga, nimevaa. Navua kanzu, naitundika kwenye msumari, navaa kaptura, natandika mkeka. Nalala chini ya basi lake naye anaitazama miguu yangu inayotokeza. Hakusema lolote, si la shari si la heri. Nikitoka anapokea karatasi, anasoma ule mstari wa kulala, anaondoka. Na mie nakoga tena na kuukimbilia msikiti, nasali safu ya nyuma kabisa, nikiwa na bahati. Miaka ikapita hivyo. Wenzangu walisema ana kinyongo. Sikuona kinyongo. Niliona deni la kazi, na niliogopa siku ambayo hatakuja.

Miaka ya hamsini ilikuwa inakwisha, na Fundi Mbaraka tayari tumeshamzika, nami ndiye nilikuwa nashika kisanduku cha muhuri. Pandu akaja Ijumaa moja kama kawaida yake. Nikaanza kuvua kanzu. Akaingia ndani ya basi, akatoka na mkeka mpya umekunjwa, wa miyaa, mzito, mama yake ameusuka Bwejuu. Akauegemeza mlangoni, akautazama ule wa zamani wa Fundi uliokuwa umetoboka katikati.

"Vaa kanzu yako," akasema. "Leo tukasali kwanza. Gari haliendi pahala, utalala tukirudi."

Adhana ilikuwa inaadhiniwa. Niliivaa. Tulitafuta mawe mawili makubwa, yeye akaweka lake chini ya gurudumu la mbele, mie nikaweka langu chini ya gurudumu la nyuma, tukalisukuma basi kidogo kuhakikisha, kisha tukaenda.